Tembo Ana Njia, Bibi Hana

Tulikuwa saba, tunashuka na mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, mimi mbele. Maji yalikuwa mkono wa kushoto, migomba mkono wa kulia, na njia yenyewe upana wake ni nyayo mbili. Nilikuwa nimewageukia wageni nikiwaonyesha magimbi yaliyoota ukingoni, huku narudi kinyumenyume, hatua tatu, nne, hadi mgongo ukagota kwenye kitu kigumu. Ukuta. Matofali ya saruji ambayo bado hayajapigwa lipu, na juu yake chupa zimevunjwa zikapandwa, za kijani na za kahawia, zinametameta juani kama mapambo ya Krismasi. Maji yalikuwa yameachiwa tundu chini ya ukuta, yakapita. Sisi hatukuachiwa tundu.

Njia ile naijua tangu niko darasa la kwanza, naipita peku na kidumu cha maji na fagio la chelewa. Bibi yangu aliipita akitoka kukata majani ya ng'ombe. Mapadri waliipita wakienda kuwapaka mafuta wagonjwa. Siku hiyo tulilazimika kurudi juu, tukavuka hadi barabara ya vumbi na kushuka nayo dakika arobaini, tukipishana na bodaboda na lori la mchanga. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Ufaransa, aliniuliza kwa upole kama mwenye ukuta anaruhusiwa kuziba njia ya watu. Nikamwambia nitauliza. Tangu siku hiyo nauliza, na leo nauliza gazetini.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Uru, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyojiita, wagumu, na jina hilo hatukupewa bure. Getini mzigo unapimwa, kilo 20, juu yake unaongeza kibegi chako mwenyewe, kisha unapanda. Kibo na Barafu nimelala mara nyingi kuliko nilivyolala kwa mkwe. Kileleni, mita 5,895, nilifika baada ya kupandishwa kuwa msaidizi wa kiongozi, na nitasema ukweli: mara ya kwanza nilikaa dakika kumi tu, nikaanza kuwaza chai.

Goti la kulia ndilo lililonistaafisha. Lilianza kulia kama bawaba isiyo na mafuta, na siku moja kwenye kushuka Mweka likakataa katakata. Tangu hapo natembeza watu huku chini: kwenye vihamba, kwenye misitu ya chemchemi, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye malisho ya Wamasai. Wenzangu wa getini walinicheka kwamba nimekuwa mchunga wazungu kwenye migomba. Siku hizi wawili kati yao wamenipigia simu kuuliza kama kuna kazi.

Kazi ipo. Tatizo ni njia.

Moshi tumezoea kuuza kitu kimoja, ncha ya mlima. Mgeni anashuka ndege KIA usiku, analala hotelini, asubuhi anapelekwa getini, na wiki moja baadaye yuko tena uwanjani na cheti kwenye begi. Amekanyaga barafu na hajui mgomba huzaa mara moja tu ukakatwa. Wapo wanaoletwa Materuni kwa gari nusu siku, wakaona maporomoko, wakatwanga kahawa kwenye kinu huku wanaimbiwa, wakarudi mjini kabla ya giza. Sina ugomvi na kinu, kahawa ile ni nzuri na vijana wanapata riziki. Ila kupelekwa kwa gari mahali penye maji ni jambo moja, na kufuata maji kwa miguu toka msituni hadi yanapolowesha mpunga ni jambo jingine kabisa.

Na kutembeza wageni si jambo la kuazima kutoka nje. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipokuja akaiona theluji, aliyemwongoza toka pwani alikuwa Bwana Kheri, mzoefu wa misafara. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, Marangu wanakwambia nani aliwaonyesha njia: Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao. Hakuna kati ya hao aliyefyeka njia mpya katika makazi ya Wachaga. Walipita zilizokuwapo, njia za kwenda sokoni, mtoni na kwa wakwe.

Mzunguko wangu ni wa siku nne. Tunaanzia Shimbwe Juu, mahali ambapo FAO ilipatambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya kihamba. Wageni wengi wakifika huniuliza shamba liko wapi. Wamesimama ndani yake. Juu kabisa ipo miringaringa na miti mingine mikubwa inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na pembeni banda la ng'ombe ambaye hatoki nje, analetewa majani na mbolea yake inarudi kwenye migomba. Ukisimama barabarani unaona pori tu. Lazima uingie kwa miguu, taratibu, na mwenye kihamba akuonyeshe.

Kahawa huwa naieleza kwa kifupi, maana wageni wamekwisha kuisoma: mapadri wa Kilema waliipanda mwaka 1898, mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, mwaka 1933 kikaja chama cha ushirika cha KNCU, na ndiyo iliyojenga shule nyingi walizosoma wazazi wetu. Mfongo ndio naueleza kwa kirefu, maana mfongo haueleweki kwa maneno. Mara ya mwisho tulimkuta mzee mmoja amefika zamu yake ya maji. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na gamboti, jembe begani. Tukamsalimia, shikamoo Meku, akaitikia bila kugeuka kwa sababu zamu ina saa zake. Akaingiza jembe chini ya gogo la mgomba lililokuwa limezibia mdomo wa tawi, akalichokonoa mara mbili, likatoka na bonge la udongo na majani yaliyoshindiliwa. Maji yakasita, yakazungusha majani makavu, kisha yakageuka kuingia kwake. Gogo lile lile akalivuta hatua tatu akalibwaga upande wa pili, akakanyaga udongo kwa kisigino, akapachika kiganja cha majani ya mgomba palipokuwa panavuja. Basi. Hakuna bomba, hakuna mashine, na mteremko ule ulipimwa kwa macho na watu ambao makaburi yao tunayapita humo humo vihambani.

Kisha akatuambia jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Alisema kila mfongo una njia kando yake kwa sababu mfongo lazima uzibuliwe. Mti ukianguka, udongo ukiporomoka, mtu wa zamu lazima aweze kutembea kando ya maji toka kwenye banio hadi kwake. Ukifunga njia, mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mwaka wa pili kuna magugu. Mwaka wa tatu maji hayafiki na watu wanaanza kusema mvua zimepungua. Mzee aliyasema haya kama mtu anayeeleza namna ya kukamua ng'ombe.

Siku hiyo tulikula kwa mama mmoja ninayemwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Alitupikia mtori, akaleta na ndizi za kuchoma, na mbege kwenye kata. Baba mmoja kati ya wageni alionja, akakunja uso, akaonja tena, akaomba aelezwe. Shangazi akamweleza, ndizi na ulezi, na siku zake, mimi natafsiri, na katikati ya maelezo akanigeukia akaniuliza kwa Kichaga kama huyu bwana ana mke. Sikutafsiri. Alilipwa mkononi, kabla hatujaondoka, na fedha ile haikupita ofisi ya mtu.

Siku ya pili tunashuka hadi msitu wa Rau. Watu wa mjini wanaoishi karibu nao hawaujui, na nitasema bila kupepesa macho kwamba ni aibu yetu. Ni hekta 570 hivi za msitu wa chemchemi, ardhi imelowa hata kiangazi kwa maji yanayotoka mlimani kupitia chini kwa chini. Kuna mivule ambayo watu sita wakishikana mikono ndipo wanaizunguka, kuna msoo, mti ambao wataalamu wa mimea husafiri mbali kuja kuuona, na mbega wanaruka juu yako na mikia yao mirefu myeupe. Mgeni anauliza kiingilio kinakwenda wapi, na mimi najibu ninachokijua. Msitu una askari wake na taratibu zake, njia zake ziko wazi. Ukitoka tu msituni ndipo mashaka yanaanza tena.

Siku ya tatu ni Mabogini, na hii ndiyo siku ninayoipenda. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, na mpaka leo ukisimama kwenye kingo za majaruba unaona mpunga kijani hadi miwa ya TPC kule mbele. Unatembea juu ya tuta, mguu mbele ya mguu, kama mwanasarakasi. Yangeyange wanakufuata kama kuku wa nyumbani. Mpunga ukianza kukomaa utakuta watoto wanaamia ndege, wengine na makombeo, wengine na makopo yaliyofungwa kamba ndefu, akivuta huku, kopo linalia kule. Mara moja wageni wangu wawili waligoma kuendelea na safari, wakaomba zamu ya kuamia. Nikawaacha nusu saa, nikakaa chini ya mti na goti langu. Walirudi wamekauka sauti.

Huwa nawaambia pale: haya ndiyo maji ya yule mzee. Yakitoka hapa yanaingia mitoni, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu ambako Kikuletwa na Ruvu hukutana, kisha yanaitwa Pangani hadi baharini. Nina ndoto ya kuyafuata siku moja hadi yanapoingia kwenye mikoko, halafu nigeuke kusini kwa mguu kandokando ya ufuko hadi Saadani, hifadhi inayopakana na bahari, ambayo ndani yake imo ardhi iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Mlima, majaruba, mikoko, ufuko na ranchi ya zamani, maji ni yale yale. Daktari wa goti hajaambiwa.

Siku ya nne tunapanda gari hadi upande wa magharibi, Siha na kuvuka kuelekea Longido, ambako mvua ni haba na migomba imeishia mbali. Huko kuna ranchi ya serikali ya West Kilimanjaro, kuna mashamba makubwa, na kuna Wamasai na ng'ombe wao. Mimi huko si kiongozi, ni mgeni kama wageni wengine. Anayetangulia ni kijana wa boma, na fimbo yake shingoni, na mambo anayoyasoma ardhini mimi siyaoni hadi anionyeshe kwa mdomo: hapa fisi amepita usiku, hapa mbuzi waliyumba wakatoka njiani, huyu ng'ombe ana tumbo. Safari iliyopita alisimama ghafla akachora mstari hewani kwa fimbo, toka mlimani kwenda Amboseli, akasema huu ni ushoroba, Kitendeni, tembo wanapita hapa, hapajengwi.

Nikasimama na mimi. Hapajengwi?

Hapajengwi, kaka. Ni njia ya tembo.

Nilicheka peke yangu, wageni wakadhani nimekumbuka kichekesho. Tembo ana njia. Iko kwenye ramani, ina jina, na mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni mahususi za kulinda shoroba za wanyamapori. Nami naziunga mkono, tembo akizuiwa njia yake anapita jikoni kwako. Lakini kule Uru, bibi anayetoka kukata majani na mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe anakuta ukuta wenye chupa, na hakuna ramani yoyote, ya kata wala ya kijiji, ambayo anaweza kuinyooshea kidole akasema hapa ni pangu kupita.

Yule mama wa Ufaransa na wenzake walinisimulia kwao. Kusini mwa nchi yao, mto Rhône unapoingia baharini, kuna nchi tambarare ya maji inayoitwa Camargue. Watu wanalipa kwenda kutembea huko wiki nzima na kiongozi, kwenye vinamasi vyenye heroe kama wale wa Ziwa Natron, kwenye ufuko, kwenye mashamba ya chumvi, na kwenye ranchi za ukoo ambako wachungaji huswaga madume meusi wakiwa juu ya farasi weupe. Nilipowauliza kuna mlima gani, walicheka. Hakuna hata kichuguu. Watu wanafuata ng'ombe, matope na ndege, na mwenye ranchi anakula mezani pamoja nao. Sisi tuna ng'ombe, matope, ndege, na juu yake tuna mlima mrefu kuliko wote Afrika, na tunashindwa kumhakikishia mtu kwamba njia aliyoipita jana kesho atakuta iko wazi.

Waingereza nao walipitia hali kama hii. Mwaka 1932 mamia ya vijana wa viwandani walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege, na watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lao likapitisha sheria iliyozitaka halmashauri kuchora kwenye ramani kila njia ya miguu ya umma, hata ile inayokatiza shamba la mtu. Hadi leo mkulima wa Kiingereza anaweza kumiliki shamba lote, na bado kuna mstari unaopita katikati yake ambao si wake. Utalii wa kutembea ulikuja juu ya mstari huo. Kwetu tunataka kuanza na utalii, mstari tutautafuta baadaye.

Najua yatakayosemwa, maana nimeshaambiwa. Mwenye ukuta si adui. Nilikwenda kumwona, nikamkuta mtu mstaarabu, tukanywa chai. Parachichi zake ziliibwa msimu mzima, kisha ndama, na wezi walipita njia ile ile ya mfongo. Alinunua kihamba kile kutoka kwa kijana aliyekirithi, akaonyeshwa bikoni nne, na katika mauziano hakuna aliyemtajia njia. Muuzaji aliona ni jambo linalojulikana. Mnunuzi ametoka mkoa mwingine, hajui. Hapo ndipo ninaposhindwa kumlaumu. Zamani njia ilikuwa imeandikwa vichwani mwa watu, na masale yaliyopandwa mipakani yalitosha kumwambia kila mtu hapa ni kwako na hapa ni kwetu. Siku hizi vihamba vinagawanywa kwa watoto, robo eka, nusu ya robo, vinauzwa, na sale linang'olewa wakati wa kuchimba msingi.

Mwingine aliniambia wageni ni kero, wanapiga picha bibi akiwa anamwogesha mtoto, wanapita kama wako bustani ya wanyama. Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nimemrudisha mtu hotelini kwa jambo hilo, na fedha yake nikamrudishia nusu. Kiongozi anayejua kazi hubisha hodi, kwa sauti, na kusubiri. Lakini hoja ya wageni isitumike kufungia njia wenyeji. Wanaopita njia ya mfongo siku mia tatu na zaidi katika mwaka ni wanafunzi, akina mama wenye majani, mzee wa zamu na mlevi anayerudi kilabuni. Mimi na wageni wangu tunaipita mara nane, tisa.

Na juu msituni hatuna pa kukimbilia. Ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani, na msitu wote ulio juu yake, mwaka 2005 viliingizwa hifadhini. Kwa mlima wenyewe ni jambo la heri. Maana yake lakini ni kwamba njia za watu zilizobaki ni hizi za vihambani, na zikiisha hizi tumebaki na barabara ya magari.

Ninachoomba hakihitaji wafadhili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na imetambua kwamba ipo ardhi ya mtu na ipo ardhi ya jumuiya. Njia ya mfongo ni ardhi ya jumuiya, hata kama haijawahi kuandikwa hivyo. Basi iandikwe. Wapimaji wanapokuja kupima kwa ajili ya hati za kimila, wazee wawili watatu wa kila kitongoji watangulie, na pale penye njia mpimaji achore njia kabla ya kuchora bikoni. Upana? Nimeupima. Mama aliyejitwisha mzigo wa majani akipishana na mwingine aliyejitwisha, bila yeyote kuingia kwenye maji: ni mita mbili na kidogo. Mwenye kujenga ukuta ajenge, aache hizo mita mbili. Na mauziano yoyote ya kihamba, mtendaji anapogonga muhuri, pawe na mstari mmoja kwenye karatasi unaosema njia ipo au haipo.

Wenye kampuni za utalii nao nawaambia, bila kumtaja mtu, kwamba si haki kuchapisha picha ya mfongo kwenye tangazo halafu siku ya kuuzibua hamumjui hata mwenyekiti wa mfongo. Kuna siku ya kuzibua. Njooni na majembe, au leteni mbege.

Kuna jingine ambalo wageni hawalioni. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda kuhesabiwa, wenyewe tunajitania hivyo. Magari yanatoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, yanajaa vihambani hadi mengine yanalala kwenye kahawa. Mwaka jana mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na minne aliyezaliwa Kinondoni, alitumwa kwa bibi yake mdogo upande wa pili wa korongo. Kwa njia ya mfongo ni dakika kumi. Alipanda bodaboda, akazunguka barabarani, akalipa elfu mbili, na alipofika akauliza kwa nini bibi anaishi mbali hivyo. Nilimchukua siku ya pili yake, mimi na goti langu, tukaanza kushuka pamoja nimwonyeshe. Tulifika kwenye ukuta. Akautazama, akaniuliza kama nina uhakika kwamba njia ilikuwa hapa.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Kuanzia Januari nimekuwa nikikaa na wazee jioni, nawauliza njia na majina yake, maana kila njia ina jina, la mfongo, la ukoo, la mti ulioanguka zamani. Mzee mmoja mwenye miaka themanini na ushee alinitajia saba bila kupumua. Ya nane aliikumbuka, akafumba macho, akaifuata kwa kidole hewani, hapa kuna jiwe, hapa kuna mfuruanje, hapa unavuka kwa gogo, kisha akafumbua macho akasema hapo ndipo palipojengwa nyumba ya ghorofa.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa Jumamosi. Nilimpelekea mwenyekiti daftari mapema, akalisoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, akaniambia hili ni jambo zito na lazima lifike kwa wananchi. Akaliweka kwenye mengineyo. Tulianza na mapato na matumizi, tukaja michango ya madarasa, tukaja kwenye mbwa wasiochanjwa, ambako tulikaa saa nzima. Saa kumi na robo mawingu yakashuka toka msituni. Mvua ilipoanza watu walikimbilia majumbani, na waliokimbia kuelekea chini niliwaona wakifika karibu na ukuta, wakageuka wote kushoto, wakapanda tena hadi barabarani.